Kano Si Kamba

Mwanangu Mbonea,

Salamu nimeziacha, maana kesho asubuhi utaniamkia mwenyewe pale stendi ya Same, nami nitaitikia marahaba mbele ya watu, na hiyo itatosha. Barua hii nitakupa ukiwa umekwisha kukaa kwenye kiti cha basi. Lori la Chome huwa linachelewa, tutakuwa na muda mfupi, na muda huo mjomba wako ataujaza kwa maneno yake. Mimi mbele yake huwa nakuwa bubu. Kwa hiyo naandika.

Habari ya blanketi, ya sabuni, ya kutokula ovyo njiani, mama yako amekwisha kukuambia na najua amerudia. Mimi nina neno moja tu, ni kisigino chako cha kushoto.

Usikunje karatasi. Soma.

Nilipopanda Chome mara ya mwisho nilikuuliza mbele ya wote, "Kisigino kinasemaje?" Ukajibu upesi, "Kiko sawa, baba," ukainama kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Mjomba wako akacheka. "Shemeji, acha kumtia kijana woga. Mkonge haukimbii, ndiyo maana wewe huna habari ya mbio. Huyu ni mtoto wa Chome. Kilima cha kwanza tu, wenzake watakula vumbi lake." Mama yako akasema, "Mwache baba yake aulize, ndiyo kazi yake." Lakini ile sauti uliyonijibu ninaijua, kwa sababu ni sauti yangu.

Kesho yake alfajiri, kabla sijashuka, nilikuwa nyuma ya migomba nanawa uso. Hukuniona. Ukatoka, ukasimama juu ya jiwe la mlangoni, visigino vikiwa nje ya ukingo, kama ulivyofundishwa hospitali. Kwa miguu miwili ulipanda na kushuka vizuri. Kisha ukainua wa kulia, ukabaki na wa kushoto peke yake. Ulipanda nusu. Mguu ukatetemeka, ukashika mwimo wa mlango. Ukajaribu tena, ikawa vilevile. Mama yako alipokohoa ndani, ukauteremsha mguu haraka na kuanza kupiga mluzi.

Tangu siku ile nakata mkonge na jambo hili, nalala nalo. Yule kijana wa jirani yetu hapa kambini, aliyechukuliwa mwaka jana kwenye chuo hichohicho cha askari wa misitu unachokwenda wewe, amenieleza. Juma la kwanza wanawakimbiza kilimani na mfuko wa mchanga begani. Anayechechemea anaambiwa kafunge virago. Wala hakuna wa kumlilia, maana nafasi siku hizi ni kama mvua ya tambarare. Serikali haiajiri kama zamani. Na sisi hapa shamba limepata mwenyewe mpya, kila siku tunasikia kwamba wengi wetu watapunguzwa. Kwa hiyo ninajua kwa nini ulijibu vile. Ningekuwa wewe ningejibu vilevile. Tena niliwahi kujibu vilevile, na matunda yake unayajua, ulikuwa unayatundikia kikombe.

Nazungumzia kidole changu cha kati cha mkono wa kushoto. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinipokea njiani, unatundika kikombe chako cha bati pale kilipopinda, unamwambia mama yako, "Baba ana msumari wake." Tulicheka wote. Sikukusimulia kilivyopinda. Nilikuwa nakata majani, kisu kikateleza, kikapita juu ya kiungo cha kidole. Damu haikuwa nyingi. Lakini kano la ndani, lile linalokiinua, likakatika, kidole kikalala. Nikikiinua kwa mkono wa pili kinainuka, nikikiachia kinalala. Miaka ile mshahara wenyewe ulikuwa unakuja kwa kubahatisha, na mgonjwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuachishwa. Nikafunga kitambaa. Mnyapara akaniuliza, "Wewe Mbena, mkono vipi?" Nikamjibu, "Uko sawa, bwana." Upesi, kama wewe. Nikaendelea kushika majani kwa mkono uleule mchana kutwa, siku kwa siku. Ngozi ilipona, ndani hakukupona. Kila mara ncha za lile kano zilipotaka kushikana, mimi nilizivuta zikaachana.

Basi hilo likanipa funzo, na funzo lenyewe nililishika vibaya. Nikasema moyoni: kano lililojeruhiwa lisivutwe kabisa.

Sasa kumbuka siku ya kusafisha bwawa la ndiva. Kijiji kizima kilikuwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, mnatoa matope ili bwawa lishike maji ya mashamba kabla ya mvua. Mimi sikuwepo, nimesimuliwa na mama yako mpaka naona kama nilikuwepo. Ulikuwa na karai la matope kichwani, ukaruka mfereji. Katikati ya kuruka ukasikia mtu amekupiga fimbo kisigino. Karai likaanguka, ukageuka kwa hasira, ukamkamata shati mtoto wa mjomba wako. "Elia, kwa nini unanipiga?" Naye maskini alikuwa na jembe mikononi, ng'ambo ya mfereji. "Nimpige nani mimi? Nimekupiga kwa mate?" Watu wakacheka sana. Walikuwa bado wanacheka ulipojaribu kupiga hatua ukakaa chini.

Hospitali wakasema kano la kisigino limekatika, wakakuunga na kukutia plasta. Mlipoambiwa hakuna bandeji za kutosha nikapanda nazo kutoka Same, nilikozipata dukani kwa shida. Plasta ilipotolewa nikaona ule mguu umekuwa kama ufito. Nikaogopa, Mbonea. Wakasema aanze kukanyaga kidogo kidogo. Mimi nikasikia maneno, nikaitikia, halafu nyumbani nikafanya la kwangu.

Unajua sisi watu wa mkonge tuna akili ya kamba. Tumeishi na singa, nyuzi za mkonge, maisha yetu yote. Tunaziona zikitoka kwenye mashine ya korona zimechambuliwa, mbichi, tunazianika, tunazipiga brashi, tunazifunga robota. Na jambo moja analolijua kila mtu wa hapa ni kwamba kamba inaisha kwa kutumika. Kila mzigo unakula nyuzi zake. Kamba nzuri ukiitundika juu ya msumari pakavu, utaikuta mwakani ilivyo. Niliposikia kwamba ndani ya kisigino kuna kano, na kano ni nyuzi zilizolala pamoja zinavuta mfupa, nikasema, haya, hiyo ni kazi yangu, hiyo naijua. Nikachonga vibao viwili. Nikasokota kamba laini kwa mikono yangu. Nikakufunga toka kwenye vidole mpaka chini ya goti, nikamwambia mama yako, "Asikanyage mpaka niseme mimi." Kisha nikashuka kwenye kazi. Mvua zote zile ulilala. Mama yako akabeba maji yako na kuni zako. Ulipomwomba akufungue alikwambia, "Baba yako amekataza." Nami nilikuwa huku chini najisifu kwamba kano la mwanangu limepumzika, litakuwa kama jipya.

Siku tuliporudi hospitali, yule mama wa mazoezi, yule mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliuona mguu akasimama.

"Nani amemfunga huyu?"

Nikasema, "Ni mimi, mama."

"Kazi yako nini?"

"Mkonge."

"Ndiyo maana. Umemfunga mtoto kama robota."

Wewe walikupeleka chumba cha pili kushika ile miti miwili ya kujifunzia kutembea. Nilikusikia ukipiga ukelele. Ndiyo maana haya aliyoniambia hukuyasikia, na mimi kwa aibu sikukurudia. Nakueleza leo kadiri nilivyoelewa. Nimeishia darasa la nne, kwa hiyo pale nitakapokosea, kosa ni langu, siyo lake.

Alisema kano si kamba, kwa sababu kamba imekufa na kano liko hai. Katikati ya nyuzi zake mnakaa chembe hai, ndogo hazionekani kwa macho, zimejipanga safu kwa safu, ndefu na nyembamba, kama watu waliosimama kati ya mistari ya mkonge. Kila chembe ina kiunzi chake ndani, nacho ni nyuzi vilevile, nyembamba mno, ndizo zinazoipa umbo. Na kila chembe imezishika nyuzi za nje zilizo jirani nayo. Ukikanyaga, kano linavutwa, nyuzi za nje zinaivuta chembe, na ule mvuto unaingia mpaka kwenye kiunzi cha ndani. Nyuzi za ndani zinajinyoosha kufuata upande ule wa mvuto, habari inafika mpaka kwenye kiini, katikati ya chembe, na chembe inaanza kutengeneza nyuzi mpya, inazilaza upande uleule unaohitajika.

Nikamwuliza, "Lakini zinajuaje kwamba zinavutwa, mama? Si hazina macho?"

Akasema, "Na wewe mkeo akikuvuta shuka usiku unajuaje? Si umefumba macho?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akaendelea. Chembe isiyovutwa kabisa haikai ikisubiri. Kile kiunzi chake kinalegea, inapoteza urefu wake, inajikunja kuwa duara. Halafu inaanza kutoa majimaji yanayokula zile nyuzi ilizopewa kuzitunza. Ndivyo alivyosema: inakula nyumba yake. "Kila siku uliyomlaza ukafurahi kwamba linapumzika," akaniambia, "lilikuwa linapungua." Nikamwonyesha kidole changu, nikamweleza kwa nini niliogopa. Akakishika, akajaribu kukinyoosha, akanirudishia mkono wangu kama mtu anayerudisha chombo kilichovunjika. Akasema na hilo nalo ni kweli. Zikivutwa kupita nguvu zake, tena na tena bila kupumzishwa, chembe zinabanduka pale zilipokuwa zimeshika, viunzi vinakatika, nyingine zinakufa. Zilizobaki zinaziba kwa haraka kwa nyuzi za ovyo, hii imelala huku, hii kule, na kovu la namna hiyo ndilo linalokatika tena.

"Sasa kipimo ni kipi?" nikamwuliza. "Kati ya huku na huku mtu anasimama wapi?"

Akasema, "Mvute, kisha mwache. Kesho yake mwulize kisigino. Kikinuna zaidi ya jana, umezidisha. Kisiponuna, ongeza kidogo. Kujenga kunafanyika akiwa amepumzika, lakini hakuna kujenga kama hakukuwa na kuvutwa." Ndipo akakupa lile zoezi la jiwe. Na akaniambia neno ambalo nataka ulisome mara mbili: "Siku atakayopanda na kushuka kwa mguu ule mmoja sawasawa na wa pili, bila kutetemeka, siku hiyo abebe mzigo na kukimbia. Kabla ya hapo, asithubutu."

Mbonea, mimi nilikuwa nyuma ya migomba.

Wasomi wenyewe, alisema, mambo haya bado wanayachungulia, hawajamaliza. Lakini mimi aliyoyasema yalinikuta mahali pengine kabisa, wala si kwenye kisigino. Nilipotoka kwetu Njombe nilikuwa na umri wako. Nilimwahidi mama yangu kurudi baada ya mkataba. Mkataba ukaisha, nauli haikutosha, nikasema mwakani. Mwakani sukari ilikuwa ya foleni na nguo hazipatikani, nikaona haya kwenda mikono mitupu. Nikafikiri nisipokwenda undugu utakaa palepale, mzima, ukinisubiri juu ya msumari. Siku habari ya msiba wa mama ilipofika nilipanga kwenda, nikagundua sijui tena nikifika nimwulizie nani. Wadogo zangu nawakumbuka kwa sura za kitoto. Hakuna aliyenikosea. Undugu haukukatika kwa ugomvi, hata siku moja. Haukuvutwa tu.

Na wewe pia nilikutundika. Nilikuweka juu mlimani kwa mjomba wako, nikakukataza hata kuja kunitazama shambani, nisije nikakuona umeshika kisu cha mkonge. Nilidhani nakutunza. Ulipokuja siku ile bila ruhusa, umetembea toka milimani umeniletea mahindi ya kuchoma yaliyopoa, nilikugombeza mbele ya wenzangu. Ukarudi bila kunywa maji. Mahindi niliyala. Yalikuwa matamu na sikukuambia.

Sasa turudi kwenye kesho, maana najua unasoma huku unataka kujua baba atafanya nini.

Ningeweza kumwambia mjomba wako niliyoyaona. Yeye mdomo wake mkubwa lakini moyo wake mzuri, angezuia safari. Nilikaribia. Nilishaomba ruhusa kwa mnyapara nipande Chome, nikaifuta mwenyewe. Niliona kwamba nitakuwa nakufunga tena, vibao vilevile, ila safari hii vya maneno. Ningeweza pia kunyamaza, nikuache upande kile kilima na mfuko wa mchanga, tuone. Hiyo ni kufanya nilivyofanya na kidole. Njia hizi mbili nimezipita zote kwa miguu yangu, zote mbaya.

Iliyobaki ni ya tatu, na hiyo siwezi kukupitia. Ni wewe unayeusikia mvuto, mimi niko nje. Ukifika, mkufunzi akikupokea jioni ile kabla ya mbio zozote, mwambie. Mwambie kwa mdomo wako, bila kulia shida na bila kutabasamu sana: kano lilikatika, limeunga, linabeba mwili wangu, halijaweza mzigo na mbio kwa pamoja, nipe muda nipande kidogo kidogo. Nilimwuliza yule mama wa mazoezi kama kuna mkufunzi atakayemsikiliza mtu wa namna hiyo. Akasema, "Wapo watakaomsikiliza na wapo watakaomfukuza. Lakini likishakatika mara ya pili, hata yule mwema hana la kumsaidia."

Sikufichi kwamba anaweza kukurudisha. Ninajua hiyo ina maana gani, kwako na kwangu, mwaka huu ambao huenda mimi mwenyewe nikapunguzwa. Nimelipima hilo kwa muda mrefu. Kama akikurudisha, rudi umenyooka. Nitakuwa stendi. Mjomba wako akicheka, atacheka na mimi nikiwepo, na safari hiyo sitakuwa bubu. Jiwe la mlangoni halina pa kwenda. Utapanda na kushuka mpaka litakapokuwa limeisha makali, na mwaka mwingine utaomba tena, kama kutakuwa na mwaka wa kuomba.

Na kama asipokurudisha, usimshukuru kwa kuzidisha. Hapo ndipo vijana wanapoharibikiwa, pale wanapohurumiwa, wanataka kuonyesha.

Viatu nilivyokununulia kwenye mitumba vina kisigino kirefu kidogo. Vitakupunguzia mvuto. Vivae siku kinapouma. Siku nyingine vivue.

Nimechoka sasa, na taa inataka mafuta. Bado jambo moja.

Kesho basi likifika sitakuuliza kisigino kinasemaje. Nitakuuliza habari za nyumbani, utasema njema. Mjomba wako atasema yake. Mimi nitasimama karibu na mlango. Ngazi ya lile basi iko juu, hata wazee wanainuliwa, na mtu akipanda mahali pa juu mguu anaouamini ndio unaotangulia, hata akiwa ametabasamu, hata akiwa anapungia watu. Uongo wa mdomo nimeuzoea, wangu na wako. Mguu haujui kusema uongo. Nitautazama huo tu.

Basi hapa unaposoma umekwisha kupanda. Uliotangulia ulikuwa wa kulia au wa kushoto, wewe unajua. Na mimi nimeona. Kwa vyovyote vile sikukuvuta shati nikushushe, na barua nimekupa. Lile begi lako ulilopokea dirishani, kama hukuangalia chini, nilikuwa nimekushikia mimi, kwa kile kidole.

Ni mimi baba yako.